Maumivu ya Mgongo wa Juu: Chanzo, Nafuu na Dalili za Hatari

Saa nane ya mchana, katika darasa la kidato cha tatu, kipindi cha mwisho kinapokaribia kwisha, mtazamaji aliyesimama nyuma ya chumba ataliona jambo moja bila ya kuhitaji chombo chochote cha maabara. Wanafunzi wamejikunja juu ya madaftari yao. Vichwa vimening'inia mbele ya vifua, mabega yamepanda karibu na masikio, na hapa na pale mkono unanyanyuka kwenda kukanda mahali palepale: kati ya shingo na bega, au kati ya makombe mawili ya mabega. Mtazamaji huyo akienda kwa fundi cherehani, kwa karani mwenye kompyuta, au kwa kijana aliyeinamia simu yake, atakuta mikono ikikanda mahali hapohapo.

Maumivu ya mgongo wa juu ni jambo la kawaida mno, hata watu wachache hujiuliza yanatoka wapi. Wengine husema baridi imeingia mgongoni. Wengine husema mfupa umeteguka. Wengine humshuku jirani. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja hujilaza kitandani wiki nzima pasipo sababu, na mwingine, ambaye ndani ya pingili zake mna ugonjwa mzito, hukandwa kwa mafuta mwezi baada ya mwezi mpaka miguu inapoanza kufa ganzi. Makosa hayo mawili yana asili moja, nayo ni kutojua jinsi sehemu hii ya mwili ilivyojengwa na inavyofanya kazi.

Mjengo wa mgongo wa juu

Juu ya mifupa ya nyonga na mkia, uti wa mgongo wa mwanadamu una pingili 24: pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu kinachopunguza mishtuko. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo yakipangana hufanya mfereji ambamo hupita ugwe wa mgongo, yaani kamba kuu ya neva itokayo katika ubongo.

Pingili za kifua zina jambo ambalo pingili nyingine hazina: kila moja imeungana na jozi ya mbavu. Mbavu hizo, ambazo nyingi zake huungana mbele na mfupa wa kidari, hufanya kizimba imara kinachoulinda moyo na mapafu. Uimara huo una faida na hasara. Faida yake ni kwamba visahani vya kifua havichomozi ovyo; jambo hilo hutokea mara nyingi kiunoni, lakini kifuani ni nadra sana. Hasara yake ni kwamba sehemu hii hukunjuka kidogo tu, na isipotumiwa hukakamaa upesi. Isitoshe, kiungo cha ubavu na pingili kikikereka, pumzi ndefu au chafya huchoma kama sindano, na mtu akaingiwa na hofu kwamba moyo wake una ugonjwa.

Kombe la bega nalo limewekwa kwa namna ya ajabu. Halikufungwa kwenye uti wa mgongo kwa mfupa wowote, bali limelazwa juu ya mbavu na kushikiliwa na misuli. Mkubwa kati ya misuli hiyo huitwa trapezi. Huanzia kisogoni, hushuka mpaka kwenye pingili ya mwisho ya kifua, na hutanda kulia na kushoto hadi mabegani. Chini yake imo misuli ya romboidi, inayolivuta kombe la bega kuelekea katikati ya mgongo. Misuli hii ndiyo inayobeba uzito wa mikono miwili na kusaidia kukishikilia kichwa tangu mtu anapoamka hadi anapolala. Maumivu mengi ya mgongo wa juu hutoka humo, wala hayatoki katika mfupa uliovunjika au kuteguka.

Hesabu ya wenzo

Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kanuni ya momenti anaweza kuupima mwenyewe mzigo wa misuli hiyo. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 5 hivi, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 50. Egemeo la wenzo liko chini ya shingo, mahali inapokutana na kifua. Chukulia kwamba mtu ameketi wima, na kitovu cha uzito wa kichwa kiko sentimita 2 mbele ya egemeo, nayo misuli inavuta sentimita 4 nyuma ya egemeo. Kanuni ya momenti yasema kuwa 50 × 2 ni sawa na nguvu ya misuli × 4. Jibu ni nyutoni 25.

Sasa mtu huyo ainame asome daftari lililolala juu ya meza. Kitovu cha uzito kimesogea mpaka sentimita 12 mbele ya egemeo, bali misuli bado iko pale ilipokuwa. Hesabu inakuwa 50 × 12, gawanya kwa 4, nalo jibu ni nyutoni 150. Kichwa ni kilekile, hakikuongezeka hata gramu moja, lakini misuli inavuta kwa nguvu mara 6 ya ile ya awali. Umbali uliotajwa hapa umechaguliwa ili kurahisisha hesabu. Hata hivyo kanuni ni ileile kwa kila shingo. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alitumia kielelezo cha kompyuta akakadiria kwamba kichwa kilichoinama kwa nyuzi 60 huitwisha shingo mzigo wa kilo 27 hivi. Makadirio hayo hayakupimwa ndani ya mtu aliye hai, lakini yanaelekea upande uleule wa hesabu ya darasani.

Msuli uliotulia unafanya kazi

Hata hivyo nguvu peke yake haitoshi kuyaeleza maumivu. Mchukuzi wa bandarini hunyanyua mizigo mizito kuliko kichwa cha mwanafunzi yeyote, na pengine halalamiki kama karani. Jambo la pili, lenye uzito sawa na la kwanza, ni muda.

Msuli unaokaza na kulegea kwa zamu hujisaidia wenyewe. Ukikaza huikamua mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Ukilegea, damu mpya yenye oksijeni huingia na taka za kazi huondolewa. Lakini msuli unaokaza pasipo kulegea huibana mishipa hiyo muda wote. Damu hupungua wakati uleule inapohitajiwa zaidi, taka hujilimbikiza, na neva hupeleka ubongoni habari ya uchovu, kisha ya moto, kisha ya maumivu. Mwaka 1960 mtaalamu wa Ujerumani, Walter Rohmert, alichapisha vipimo vilivyoonyesha jinsi muda wa kustahimili unavyopungua kadiri nguvu inavyozidi. Mtu anayetumia nusu ya nguvu zake zote bila ya kulegeza huweza kuendelea kwa dakika moja tu hivi.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa chupa mbili za lita moja zilizojaa maji. Mwanafunzi wa kwanza aishike chupa yake kwa mkono ulionyooshwa mbele, asiutikise. Wa pili aipandishe chupa yake mpaka usawa wa bega na kuishusha taratibu, akirudia bila ya kukoma. Kwa macho, wa pili ndiye anayefanya kazi. Lakini kwa kawaida atakayeomba kupumzika kwanza ni yule wa kwanza, ambaye chupa yake haikwenda popote. Darasa litakuwa limeona kwa nini mtu aweza kuchoka mgongo kwa kuketi tu.

Hapo ndipo inapofaa kulitazama upya agizo la zamani la "kaeni wima". Kukaa wima ni kwema, kwa kuwa hupunguza momenti. Lakini mwanafunzi aliyelazimishwa kukaa wima kama nguzo kwa vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80, ameiweka misuli yake katika hali ileile ya chupa isiyotikisika. Hakuna mkao mmoja ulio kamili kwa siku nzima. Wasiwasi nao huongeza taabu: mtu mwenye hofu ya mtihani hukaza mabega bila ya kujijua, na asiyelala vya kutosha huyahisi maumivu kwa ukali zaidi.

Mzigo wa kichwani

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kilo 5 za kichwa zinatosha kuutesa mgongo, itakuwaje kwa mama anayebeba ndoo ya maji? Jibu la swali hilo liliwashangaza wataalamu. Mwaka 1986 G. M. O. Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa wanawake wa Kenya, Wajaluo wanaobeba mizigo juu ya utosi na Wakikuyu wanaobeba kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa kiasi cha moja ya tano ya uzito wa miili yao bila ya kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: mwendo wa wanawake hao huhifadhi nishati, kama bembea inavyoihifadhi kila inapokwenda na kurudi.

Kanuni ya momenti pia inawaunga mkono. Ndoo iliyokaa sawasawa juu ya utosi, shingo ikiwa imenyooka, iko karibu kabisa juu ya egemeo. Momenti yake ni ndogo. Ndoo iliyoshikwa kwa mkono mmoja huuvuta mwili upande, nayo misuli ya upande wa pili hulipa gharama.

Lakini kutotumia oksijeni nyingi si sawa na kutoumia. Utafiti wa mkoa wa Limpopo, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2010, uliwakuta wachotaji maji wengi wakilalamikia maumivu ya shingo na mgongo. Tena, mzigo wenyewe aghalabu hupita kiasi. Msichana wa kilo 45 ana moja ya tano ya kilo 9. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji peke yake, yaani zaidi ya mbili ya tano ya uzito wake, na uzito huo wote hushuka kupitia pingili za shingo na kifua. Msichana huyo akifika darasani saa moja na nusu asubuhi, mgongo wake umekwisha kufanya kazi ya siku. Mwalimu anayemwona akisinzia au akijinyosha hana haki ya kumwita mvivu.

Namna ya kupata nafuu

Kwa kuwa chanzo kikubwa ni msuli uliokaza bila ya kupumzika, dawa yake ya kwanza ni mwendo. Kila baada ya nusu saa hivi ya kuandika, kushona au kutazama simu, mtu asimame au abadili mkao, hata kwa dakika moja. Mazoezi manne yafuatayo hayahitaji chombo chochote:

1. Kupandisha mabega kuelekea masikioni huku ukivuta pumzi, kisha kuyaachia yashuke huku ukitoa pumzi. Mara 10.

2. Kuyavuta makombe ya mabega yakaribiane nyuma, kuyashikilia kwa hesabu ya tano, kisha kulegeza. Mara 10.

3. Kurudisha kidevu nyuma, kichwa kikibaki sawa bila ya kuinama wala kuinuka, ili masikio yawe juu ya mabega. Mara 10.

4. Kuketi, kuweka mikono kisogoni, na kuukunjua mgongo wa juu polepole kwa kuegemea nyuma juu ya ukingo wa kiti. Kisha kugeuka kulia na kushoto. Mara 5 kila upande.

Zoezi lolote linaloleta maumivu makali, au ganzi mkononi, liachwe.

Dawa ya pili ni kuinua kazi iifuate macho, badala ya macho kuifuata kazi. Kitabu kilichoegemezwa juu ya vitabu vingine hupunguza kuinama. Simu iliyoinuliwa usawa wa kifua hufanya vivyo hivyo. Dawati linalofaa ni lile ambalo viwiko hukaa juu yake bila ya mabega kupanda, na miguu hufika sakafuni. Mkoba ubebwe kwa kamba mbili, wala si kwa bega moja.

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, au kukandwa kwa mkono, hulegeza msuli na kupunguza maumivu kwa muda. Vidonge vya kutuliza maumivu navyo vina nafasi yake, lakini haviondoi chanzo. Na kuvimeza kila siku bila ya ushauri wa mganga kwaweza kudhuru tumbo, figo au ini.

Kuhusu kulala kitandani, maoni ya wataalamu yamebadilika kabisa. Zamani mgonjwa wa mgongo aliamriwa kulala siku nyingi. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti uliofanyiwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Ufini, wenye maumivu ya ghafla ya mgongo wa chini. Walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona vizuri kuliko waliolazwa kitandani kwa siku mbili. Ingawa huo ulikuwa mgongo wa chini, kanuni hiyo sasa hufuatwa kwa mgongo wa juu pia: punguza kazi inayoumiza, lakini usiache kujongea. Maumivu mengi ya misuli hupoa katika muda wa siku chache hadi wiki chache.

Maumivu yasiyotii

Maumivu ya misuli yana tabia inayosaidia kuyatambua: hutii. Huzidi mtu anapokaa mkao mmoja, hupungua anapojongea au kulala, na hubadilika siku kwa siku. Maumivu yasiyotii, yaani yanayoendelea usiku na mchana na kuzidi wiki hata wiki, mtu akilala au asilale, hapana budi yachunguzwe hospitalini.

Katika nchi za Afrika Mashariki, sababu moja inastahili kukumbukwa mbele ya nyingine, nayo ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu tu. Kwa kweli vijidudu vyake, ambavyo Robert Koch alivitangaza Berlin mwaka 1882, huweza kusafiri katika damu kutoka mapafuni na kutua ndani ya mfupa. Takriban nusu ya kifua kikuu cha mifupa na viungo huwa katika uti wa mgongo, na pingili za kifua ni miongoni mwa zinazoshambuliwa zaidi. Vijidudu huila sehemu ya mbele ya pingili polepole. Pingili hubomoka kwa mbele, na mgongo huchomoza kwa nyuma. Ndicho kibyongo ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, pamoja na kupooza kwa miguu kunakofuatana nacho. Maiti zilizokaushwa za Misri ya kale zina alama zake pia.

Hatari ya kifuani ni kubwa kwa sababu mfereji wa pingili za hapo ni mwembamba, na ugwe wa mgongo umo ndani yake. Usaha au kipande cha mfupa kikiubana, miguu hudhoofika. Mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo. Dalili zake ni maumivu yasiyokoma, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, mahali pamoja pa uti panapouma pakibonyezwa, na baadaye nundu ndogo.

Ugonjwa huu unatibika. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yaliyoanza katika miaka ya 1960 huko Korea na kwingineko, yalionyesha kwamba wagonjwa wengi hupona kwa dawa peke yake, wakitembea na kuishi nyumbani kwao, bila ya kulazwa miezi mingi ndani ya plasta. Tanzania yenyewe ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mafunzo yake yalisaidia kuunda utaratibu ambao baadaye ulienezwa duniani. Dawa hutolewa bure katika vituo vya serikali, nazo humezwa kwa miezi mingi, aghalabu kati ya 6 na 12, bila ya kukatiza. Lakini dawa huua vijidudu. Hazijengi upya pingili iliyokwisha kubomoka. Ndiyo maana kila mwezi wa kuchelewa una gharama.

Ziko sababu nyingine pia. Vijana wengine hupatwa na mpindo wa mgongo ulioelezwa na daktari wa Denmark, Holger Scheuermann, mwaka 1920, ambapo pingili za kifua hukua zikiwa nyembamba upande wa mbele. Mgongo wa kijana aliyezoea tu kujikunja hunyooka akiambiwa ajinyooshe. Wa huyu haunyooki, wala karipio haliwezi kuunyoosha. Nimonia, selimundu, vijiwe vya nyongo na maradhi ya moyo huweza pia kuumiza mgongo wa juu. Basi mtu asikawie kwenda hospitali endapo maumivu yanafuatana na homa au kukonda. Ganzi au udhaifu wa miguu. Kushindwa kuzuia haja. Kubanwa kifua au kukosa pumzi. Au yakitokea baada ya kuanguka au ajali.

Kazi iliyo mbele ya shule

Shule haiwezi kuwa hospitali, lakini mambo matatu yamo katika uwezo wake pasipo fedha yoyote. Kwanza, dakika mbili za kusimama na kujinyoosha ziwekwe kati ya kipindi na kipindi, na mwalimu mwenyewe ashiriki. Pili, madawati yagawanywe kwa kimo, mafupi kwa wafupi na marefu kwa warefu, badala ya kugawanywa kwa kubahatisha. Tatu, mwanafunzi anayelalamikia mgongo aulizwe maswali manne: Je, maumivu yamezidi wiki tatu? Yanamwamsha usiku? Ana homa au amekonda? Miguu yake ina nguvu kama zamani? Udhaifu wa miguu ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Jibu la swali jingine lolote likiwa "ndiyo", mzazi aitwe na mtoto apelekwe akapimwe katika muda wa siku chache, hata kama hakohoi, na hata kama kila mtu nyumbani anasema kwamba ni baridi tu.